Mkono wa Chuma wa Kapteni

Ukifika Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, uulize kwa Hiram Njuguna, watu watakutazama tu. Uliza kwa Kapteni, hata mtoto atakushika mkono akupeleke. Jina lenyewe walimpa kwa kumcheka. Mtu wa kutoka milimani Kinangop, fundi wa kukaza nyaya kwenye shamba la maua, na mashua ya tanga, jamani, wapi na wapi? Lakini aliipata kwa haki. Mzungu mzee ambaye Hiram alikuwa akimwoshea mashua hiyo kila Jumapili alirudi kwao Ulaya, na siku ya kuondoka akamwambia, "Hiram, itunze." Basi Hiram akaitunza kuliko mkewe, na hayo si maneno yangu, ni ya mke mwenyewe.

"Ungenipaka rangi mara moja tu vile unapaka hiyo kitu yako," Wachuka alizoea kumwambia, "saa hii ningekuwa Miss Naivasha."

Mashua ilikuwa imezeeka, injini yake ilikufa zamani, lakini tanga lilikuwa zima. Iliongozwa kwa gurudumu la mbao. Kutoka kwenye gurudumu, nyaya mbili zilipita chini ya sakafu juu ya makapi, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, mpaka kwenye nguzo ya usukani kule nyuma. Ukizungusha gurudumu, nyaya zinavuta, usukani unageuka majini. Na kwa siku ambayo nyaya zingekatika, yule mzee aliacha mkono wa chuma, mzito kama mtaimbo, wenye tundu la mraba upande mmoja. Unaupachika juu ya nguzo ya usukani, unaushika kwa mikono miwili, unarudi nyumbani. Hiram hakuwahi kuuhitaji. Aliogopa wezi wa vyuma chakavu, akaupeleka nyumbani ukawa komeo la mlango usiku, na mchana ukawekwa juu ya ukuta, chini ya mabati.

Nyaya za awali zilipoliwa na kutu, Hiram hakuuliza mtu. Aliweka waya wa waridi, ule ule anaoukaza shambani. Waya huo umeshikilia maua miaka nenda miaka rudi, kwenye upepo na kwenye dawa, wala haukatiki. Kweli haukatiki, Hiram, lakini shambani umesimama tu! Nani aliwahi kuupinda huku na huku juu ya kapi? Fundi wa waya, na jambo hilo likampita.

Kisha ziwa likapanda. Lilikuja pole pole kama mgeni asiyebisha hodi, leo kwenye choo, kesho jikoni, mpaka Hiram, Wachuka na binti yao Sue wakatoka usiku na magodoro kichwani, wakaenda kulala kwenye ukumbi wa kanisa. Nyumba yao ya mbao ikabaki katikati ya maji, maji yamefika madirishani, paa limekauka juu. Mabati yale bado yalikuwa mazuri. Wachuka akasema kiwanja kitapatikana siku moja, Mungu si Athumani, lakini mabati yakiachwa yataenda na watu.

Adongo, mvuvi jirani yao, alimpeleka Wachuka asubuhi akamwacha juu ya paa aanze kung'oa misumari, kisha akaenda kuhamisha vitanda vya watu wengine. Alisema angerudi kumchukua.

"Usijisumbue," Hiram alimwambia. "Mashua ninayo. Nitamchukua mke wangu na mabati yangu."

Hata nanga aliiacha ufuoni ili mabati yapate nafasi. Alipopandisha tanga, upepo wa mchana ulikuwa umeshaamka, ule wa kutoka upande wa mlima Longonot, na maji yameanza kuchafuka. Hakujali. Alimwona Wachuka kwa mbali, leso ya njano kichwani, amekaa juu kabisa ya paa na viatu vyake vya mpira, gambuti, miguuni, na moyo wake ukafurahi. Mwanamke yule aliogopa hata maji ya karai, na leo alikuwa amepanda juu ya ziwa kwa sababu ya familia yake.

Walikuwa wamebakisha kitambo kidogo wakutane. Hiram akazungusha gurudumu aielekeze mashua ubavuni mwa nyumba. Chini ya sakafu kitu kikalia, ta! Gurudumu likawa jepesi. Likazunguka lenyewe kama la kuchezea watoto, na mashua ikaendelea kwenda ilikotaka.

"Haiya," Hiram alisema. "Haiya, haiya!"

Akaliachia tanga likaanguka. Haikusaidia, upepo uliushika mwili wa mashua ukaendelea kuusukuma. Akachukua kasia moja lililokuwepo akapiga maji mpaka mabega yakawaka. Mashua kubwa hivyo, kasia moja, ni sawa na kumsukuma ng'ombe kwa kijiko. Akaukumbuka mkono wa chuma, na hapo hapo akakumbuka ulipo: ndani ya nyumba, katikati ya maji. Alijitukana kwa Kikuyu, matusi ambayo Sue hajawahi kuyasikia.

Mashua ikapita karibu na paa, karibu kabisa, akaiona michirizi ya jasho usoni mwa mkewe. Wachuka alikuwa amelala kifudifudi pembeni mwa mabati, amenyoosha mkono, na mkononi kitu kirefu cheusi.

"Shika! Baba Sue, shika!"

Akashika. Kwa nukta moja walikuwa wameshikana, yeye huku, mkewe kule, na chuma katikati. Kisha mashua ikavuta. Hiram aliona kifua cha Wachuka kikiteleza juu ya bati, akaona gambuti moja likipoteza mahali pa kukanyaga. Alifikiria maji tu. Akaachilia.

Mashua ikapita. Na kwenye kiganja chake ukabaki ubaridi wa tundu la mraba.

Alijua hapo hapo. Aligeuka akamwona mkewe amekaa tena, ule mkono wa chuma magotini, anamtazama akienda. Hiram akaketi chini kwenye sakafu ya mashua yake nzuri aliyoipaka rangi kila mwaka, akalia kama mtoto, na mashua ikambeba mpaka ikaingia kwenye magugu maji, kichaka kizima kinachoelea, ikanasa humo. Mbele haiendi, nyuma hairudi. Na maji yale hata kushuka huwezi, maana viboko wawili walikuwa wakipumua pembeni.

Alimpigia Adongo simu. Adongo alikuwa ng'ambo na vitanda vya watu. "Nakuja, Kapteni, lakini huu upepo unanipiga usoni. Mwambie mama akae tu." Aliwapigia kelele watu wa ufuoni. Walikuwa wamesimama wengi, na baadhi yao, Mungu awasamehe, walikuwa wametoa simu wanachukua video. Simu yake ikalia. Wachuka.

"Baba Sue, umeenda wapi?"

"Sijaenda. Nimebebwa."

"Chuma chako nilikipata juu ya ukuta nilipotoa bati ya kwanza. Nimeng'olea misumari nacho. Nilipoona hiyo gurudumu yako inazunguka ovyo nikajua. Si umenihubiria juu ya hiki chuma miaka yote? Mbona uliachilia?"

"Ningekuvuta kwa maji."

Upepo tu kwenye simu.

"Si ungevuta," akasema, "mimi ndio ningeachilia."

Hiram alikitazama kiganja chake.

"Nyumba inatingika," Wachuka alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

"Kaa katikati, mama."

"Katikati ndio nimetoa mabati."

Hiram alisimama, akaketi, akasimama tena. Leso ile ya njano aliiona vizuri, ungedhani ni kitu cha kunyoosha mkono uchukue. Akaomba. Akaahidi Mungu mambo ambayo mtu huahidi.

"Nitaiuza hii mashua, Wachuka. Naapa."

"Nani atanunua kitu haigeuki?" Alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama. "Usikate simu. Ongea tu, hata kama ni uongo."

Basi akaongea. Alimwambia Adongo amekaribia, kabla Adongo hajaonekana. Alimwambia upepo unatulia, na upepo unavuma. Alimsimulia siku aliyokwenda kwao kumposa akakanyaga bata, na mkewe akasema, "Hiyo nakumbuka." Aliongea mpaka koo likakauka, na macho yake hayakuitoka leso.

Adongo alitokea akipiga makasia kama mtu anayepigana. Aliisogeza boti yake ubavuni mwa nyumba, akamshika Wachuka kiunoni, akamvuta. Walikuwa hawajasogea mbali pale nyumba ilipoegemea upande mmoja, taratibu, kama mzee anayejilaza mchana, ikalala majini na mabati yake yote. Hiram aliiona ikienda. Alishukuru Mungu kwa sauti.

Adongo akapenya katikati ya magugu, akamleta mkewe. Wachuka akapanda mashuani na gambuti moja tu mguuni, akamkabidhi kile chuma. Hiram akakipachika juu ya nguzo ya usukani. Kikaingia sawasawa. Adongo akawavuta kwa kamba mpaka nje ya magugu, Hiram akapandisha tanga kidogo, akavuta mkono wa chuma kushoto, na mashua ikageuka kushoto, kwa utiifu, kana kwamba siku nzima haikufanya kosa lolote.

Wachuka alifunga leso yake upya. "Haya, Kapteni," alisema, kama alivyozoea kusema kila jioni alipokuja kumfuata ufuoni. "Twende nyumbani."

Kisha wote wawili wakatazama pale palipokuwa na paa. Hiram akabaki ameushika ule mkono wa chuma kwa mikono miwili, na hakujua auvute upande gani.