Kitabu Kilichosema Hapakuwa na Mtu

Juzi mjukuu wangu alikuja kwangu, hapa Section 58 mjini Nakuru, na riwaya ya shule mkononi. Darasa lao linasoma hadithi ya miaka ya Hali ya Hatari, enzi za mkoloni, na mwalimu amewaambia kila mmoja atafute mzee amuulize kama mambo yalikuwa vile kitabu kinavyosema. Nilimwambia aweke kitabu mezani, ale kwanza. Nilisema kwa ukali mpaka akanitazama mara mbili. Hakuwa amekosa chochote. Ni vile mwalimu wa mwisho niliyemsikia akiwapa watoto kazi kama hiyo alifukuzwa mbele ya macho yangu.

Tulikuwa tunaishi kwenye shamba la mzungu, juu ya Njoro, mahali pa ngano, pareto na baridi. Asubuhi nyapara aligonga kipande cha reli kilichoning'inia mtini, na sauti yake ilikuwa inakuingia kwenye meno. Wakubwa walienda kukamua au kuchuma maua ya pareto. Sisi watoto tulipewa uji wa unga wa posho na yale maziwa mepesi yaliyobaki baada ya krimu kutolewa, maziwa ya rangi ya maji ya mchele. Hata leo watu wakisifu maisha ya mashamba yale mbele yangu, naondoka.

Baba alitoka magharibi akaletwa pale kujaza nafasi za watu waliopakiwa kwenye malori na kurudishwa kwao kwa nguvu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa. Tulipewa nyumba yao moja. Moshi wao ulikuwa bado umeshika kwenye nyasi za paa, na nyuma ya nyumba maharagwe yao yalikuwa yameanza kutoa maua. Yalipokomaa mama aliyavuna akapika. Nyanya, mama yake baba, alikula ugali mkavu siku hiyo, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Shule ilikuwa chumba kimoja cha mbao kilichojengwa na mwenye shamba. Mwalimu alikuwa kijana mrefu, mpole wa sauti, mwenye koti moja. Memsabu, mke wa mwenye shamba, ndiye aliyempa ile riwaya atusomee. Ilikuwa ya Kiingereza, habari za familia ya wazungu waliokuja na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakavuka mito, wakazika mtoto njiani, wakafika kwenye bonde zuri na kujenga nyumba. Memsabu alipenda kusema kwamba hivyo ndivyo baba wa mume wake alivyokuja. Kitabu kilikuwa kimoja tu. Mwalimu alisoma sentensi kwa Kiingereza, akatueleza kwa Kiswahili, na sisi tukakaa kimya kama tuko kanisani. Sitakudanganya, tuliipenda. Yule mtoto aliyezikwa njiani tulimlilia.

Ndipo tukafika mahali kitabu kiliposema kwamba bonde lilikuwa tupu, hapakuwa na mtu. Mwalimu aliisoma sentensi hiyo, akairudia, kisha akafunga kitabu.

"Hii ni hadithi," akasema. "Aliyeiandika aliona upande wake. Nendeni nyumbani muulize mzee, wakati magari hayo yanakuja, hapa kulikuwa na nani."

Jioni nilimuuliza nyanya nikiwa napuliza moto.

"Mimi nimekuja hapa juzi kama wewe," akasema. "Ninayemjua ni yule aliyepanda maharagwe. Usiniulize tena, na usiulize mtu mwingine."

Lakini mwenzangu wa dawati aliuliza na akajibiwa. Alikuwa binti wa mkamuaji, wa jamii ya wafugaji waliokuwa kwenye bonde hilo tangu zamani, na nyanya yake alikuwa bado hai, kipofu, mwenye akili kama wembe.

Memsabu alikuwa akija siku za Ijumaa kutusikiliza. Ijumaa hiyo aliketi mbele na mbwa wake miguuni.

"Nani nataka sema hadithi?" akauliza, kwa kile Kiswahili chao.

Mwenzangu akasimama. Alisimulia vizuri kutuzidi sote, mito, ng'ombe waliozama, mtoto aliyezikwa. Memsabu alikuwa anatabasamu. Kisha msichana akaendelea, kwa sauti ileile:

"Kitabu kinasema walipofika hapakuwa na mtu. Nyanya yangu alikuwepo. Alikuwa mtoto, anachunga mbuzi kando ya mto. Anasema watoto wa wale wazungu walikuwa wanalia njaa, na baba yake akawapa maziwa. Baadaye baba yake akaambiwa abomoe boma ahame."

Memsabu alisimama polepole.

"Nani nafundisha wewe hii maneno?"

"Nyanya."

"Na nani nasema wewe uliza nyanya?"

Msichana akatazama dawati. Mwalimu ndiye aliyejibu.

"Ni mimi, memsabu. Niliwaambia wasome kitabu, halafu waulize nyumbani."

"Mimi natoa kitabu," memsabu akasema, "na wewe natoa sumu."

Alichukua riwaya yake mezani akatoka, mbwa nyuma yake. Mwalimu alituambia twende nyumbani, na tufunge mlango vizuri.

Kabla ya saa ya kukamua jioni, nyapara alifika kwa mwalimu na askari wawili wa shamba. Walitupa godoro lake nje, kisha sufuria, kisha sanduku. Miaka hiyo neno moja lilitosha mtu aitwe adui wa serikali, na watu wote walisimama milangoni mwao bila kusogea. Baba zetu walikuwa pale. Hakuna aliyemwinulia hata ncha ya godoro. Nilidhani nyanya yangu anakwenda kumsaidia alipotoka peke yake akavuka njia, lakini alisimama mbele yake na mikono kiunoni.

"Mwalimu, umetuletea balaa," akasema. "Wewe una miguu, utaenda. Sisi tunabaki na huyu mama wa kizungu."

"Ni kweli, mama," mwalimu akasema. "Lakini yule mtoto hakusema uongo."

"Nani amekwambia amesema uongo?"

Mwalimu aliweka sanduku begani, godoro akaliacha, akashika njia ya kwenda stesheni. Wengine walisema alikamatwa Nakuru, wengine kwamba alivuka akaenda Uganda. Sijawahi kumpata mtu mwenye hakika.

Familia ya mwenzangu iliamriwa iondoke na ng'ombe wake. Baba alinikataza kumsalimia, nami nilikuwa namwogopa baba. Waliondoka asubuhi yenye umande, nyanya yao kipofu akiwa juu ya punda, mkono mmoja umenyooshwa mbele kana kwamba anapapasa ukuta. Msichana alipita karibu na mlango wetu. Alitutazama, sisi na nyumba yetu, kama mtu anavyotazama wezi, kisha akageuza uso. Shule ikafanywa zizi la ndama. Sisi tukapelekwa kwenye pareto, na ilipita miaka kabla sijaketi tena kwenye dawati.

Nilimweleza mjukuu wangu haya yote. Alisikiliza bila kuandika, kisha akauliza yule nyanya kipofu alihamishiwa wapi, na mto ulikuwa upi, na kama kuna mtu wa ukoo wao anayeweza kuulizwa. Nilipita huko Njoro si zamani sana, mabonde yamekatwa viwanja, nyumba za mawe kila mahali, na wenye nyumba wakaniambia kwamba walipofika hapakuwa na kitu, nyasi tu. Siku hizi mtoto anaweza kuuliza nani alikuwa hapa na asifukuzwe na mtu. Wa kumjibu ndio wamekwisha.