Ng'amba Niliyemlaza Chali

Baba yangu alikuwa mgema huko Kaloleni, na mimi, mwanawe wa kwanza wa kiume, nilikuwa naogopa minazi. Na kuogopa kwenyewe si kidogo. Siku aliyonipandisha mara ya kwanza nilifika juu vizuri tu, nikakumbatia shina chini ya makuti, nikafumba macho, na hapo nikaganda tangu chai ya asubuhi hadi wanawake walipokwenda kisimani mara ya pili. Baba alinibembeleza, akanitukana, akanibembeleza tena. Mwisho alipanda mwenyewe, akanifunga kamba kiunoni, akanishusha kama kibuyu cha tembo. Hakunipiga. Alimwambia mama, "Huyu mpeleke kwa nduguyo akavue. Baharini hakuna juu."

Basi nikapelekwa Dabaso kwa mjomba, kando ya hori, pale bahari inapoingia nchi kavu. Shule niliiacha darasa la pili, kwa hiyo elimu yangu yote ni ya mjomba yule, na alikuwa mkali kuliko mwalimu. Alinifunza kushona nyavu, kusoma maji, kunyamaza. Na alinifunza kasa. Ukimpata kasa, mgeuze chali. Akilala chali hana ujanja tena. Atapiga mabawa yake hewani, atahema, atabaki pale pale hadi umalize kunoa kisu. Hatukuuliza yeye anajisikiaje. Alikuwa anakwenda chunguni.

Ng'amba lakini hatukumla. Watu wa bara huwachanganya hawa wawili. Kasa huchunga majani ya chini ya maji kama ng'ombe. Ng'amba ana mdomo uliochongoka kama wa kasuku, na magamba ya mgongoni yamepandana kama makuti ya paa. Ndiyo yaliyokuwa yakitengenezwa vitana na bangili hadi karibu wakamalizika. Yeye hutia mdomo kwenye matundu ya mwamba akala vile vitu laini vinavyoota pale, mfano wa sifongo ya kuogea. Vingine vina sumu, na sumu hukaa katika nyama yake. Mjomba alikuwa na jirani aliyemla, akazika watoto wawili kwa siku moja. Tangu hapo mimi nikimwona ng'amba, mate hunikauka.

Naona nimezunguka sana. Nilitaka kusema habari ya hoteli.

Miaka ya themanini mahoteli yaliota pwani yote, toka Kikambala hadi Malindi, nami nikapata kazi ya bustani katika moja, sitaitaja. Mke wa meneja, mama mmoja mzungu mwenye huruma nyingi, aliwakuta wavuvi na ng'amba jike aliyenaswa kwenye wavu wa jarife, bega limekatwa na nyuzi. Akawaomba wamwachie. Hotelini palikuwa na birika la saruji lililovutiwa maji ya bahari kwa pampu, akamtia humo apone. Wafanyakazi wote walimkimbia. Mimi nilisema kasa nawajua. Ulimi wangu huo.

Serikali ilikwisha kupiga marufuku kuwaua, na hata kumfuga mmoja ilitaka barua. Barua ikaja. Mpishi wetu, mtu wa Mambrui, ndiye aliyenisomea. Akafika mahali akacheka. "Mtani, umo humu. Jina lako hili hapa, mtunzaji. Huyu mnyama akifa, hawatamfunga mama."

Alikuwa anatania. Mimi sikulala sawasawa tena.

Nilimtunza kama yai. Samaki alikataa, nikawa nashuka mwambani maji yakipwa, namletea ngisi na vile vitu laini nilivyobandua kwenye mawe, akala. Kidonda nilikiosha kwa maji ya chumvi. Nilijua pumzi zake: kichwa juu, anavuta mara moja kwa sauti, anazama, anakaa chini muda mrefu, kisha anatokea. Baada ya miezi mitatu kidonda kikafunga.

Ndipo tukaambiwa afisa wa wanyama anakuja kesho yake kukagua. Mama akataka birika lisuguliwe. Nikafungulia maji yatoke, tukambeba na mpishi hadi kivulini, na mimi, bila kufikiri, mikono yenyewe ikafanya ilivyofunzwa. Nikamgeuza chali. Nikamfunika gunia lililolowa maji, nikarudi kusugua. Halafu lori la mawe ya bustani likaja, nikaitwa kupakua. Kwetu kasa akishageuzwa, kazi imekwisha. Hakuna anayerudi kumtazama.

Niliporudi ilikuwa alasiri. Jua lilikuwa limehama, gunia limekauka. Shingo ilikuwa imelegea, macho yamezama, na pumzi inatoka kama baiskeli iliyotobolewa mpira.

"Mpishi! Njoo!"

Akaja na mwiko mkononi. "Lahaula! Umemlaza hivyo tangu asubuhi?"

"Nyamaza. Shika huku."

"Uzito wote huo umekaa juu ya mapafu yake, we bwana! Hata wewe nikukalie kifuani..."

"Shika, nakwambia!"

Tukamgeuza, tukamrudisha majini. Akaishi. Lakini hakuzama. Alielea upande mmoja juu, kama sufuria tupu, akajaribu kuinamisha kichwa, mkia na nyuma vikabaki hewani. Akajaribu tena na tena. Nilijua maana yake: pafu limepasuka, hewa imevuja ndani ya gamba. Ng'amba asiyeweza kuzama hawezi kula, na papa au mashua itamkuta pale juu.

Asubuhi afisa alifika, kijana wa bara, viatu vinang'aa. Mama akauliza, "Mbona amelala upande?"

Mpishi alinitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikaona lango la jela, nikasema, "Anaota jua, mama. Wakinenepa huwa hivyo."

Afisa akaandika. Kisha akafurahi, akasema, kama ni mzima basi hakuna haja ya kumweka. Arudi baharini leo hii, wageni washuhudie.

Niliita, "Mkubwa, ngojeni wiki moja." Akauliza, kwa nini, ana ugonjwa? Nikasema, hana.

Tulimbeba mimi na mpishi hadi majini. Alikuwa akipumua karibu na sikio langu. Mpishi akaninong'oneza, "Sema, ndugu yangu. Bado mapema." Nikatikisa kichwa. Tukamwachia maji yakiwa yanapwa. Wageni wakapiga makofi na picha. Akapiga mabawa, akaenda upande upande, na maji yakamchukua kuelekea mlango wa mwamba, pale penye upenyo wa kutokea bahari kuu. Wote walidhani anaogelea. Mama alikuwa analia kwa furaha, akanishika mkono, akaniambia asante.

Walirudi hotelini kunywa soda. Mimi nilibaki naangalia kile kitu cha kahawia juu ya maji, kikienda kaskazini. Nikaanza kutembea ufuoni nisikipoteze. Nilisema, akizama mara moja tu nitarudi. Mpishi akaniita kwa mbali, "Wewe! Birika!" Sikugeuka. Mawimbi yakakatika mwambani, nikakiona, nikakipoteza, nikakiona tena, upande uleule ukiwa juu. Nguo zangu zilibaki kwenye chumba cha wafanyakazi na fulana nyingine niliyokuwa nimeianika kwenye uzio. Nikazunguka rasi, hoteli ikafichika, nikaendelea kutembea, na pale hotelini sikukanyaga tena.