Mkono Uliosahau Meza

Kabla hajahamishwa, hapakuwa na mwanamke Singida mjini aliyeweza kumfunga Mwalimu Damari mpira wa meza. Alijifunza mchezo huo chuo cha ualimu, na kila jioni, akishamaliza kusahihisha madaftari, alikuwa kwenye ukumbi wa michezo wa mji. Mwaka 1970 akapelekwa kuanzisha shule katika kijiji cha ujamaa upande wa Mgori. Miaka minne alifundisha watoto asubuhi, watu wazima alasiri, na katikati akalima shamba la pamoja kama kila mtu. Meza pekee aliyoiona huko ni ya kuandikia.

Aliporudishwa mjini, alitoa kibao chake cha kupigia mpira sandukuni kabla hata ya kutandika kitanda. Raba ilikuwa imebanduka pembeni. Akaibandika kwa gundi ya baiskeli, akaenda ukumbini.

Mezani alimkuta Kanchan, binti wa mwenye duka la vitambaa. Damari ndiye aliyemfundisha kushika kibao.

"Shikamoo, Mwalimu! Umerudi?"

"Marahaba. Lete mpira tucheze."

Kanchan alimfunga ishirini na moja kwa nane, kisha ishirini na moja kwa sita. Watazamaji walinyamaza kwa heshima. Afadhali wangecheka.

Wiki tatu zikapita hivyo hivyo. Damari aliuona kila mpira ukija, akajua pa kuurudisha, lakini mkono ulichelewa, au uliupiga mpira ukavuka meza na kuingia chini ya mabenchi. Jioni moja akakitupa kibao benchini.

"Mwalimu, niseme kitu? Usinikasirikie," Kanchan alisema.

"Sema."

"Unapiga kwa bega. Kama mtu anayelima."

"Mimi ndiye niliyekufundisha, Kanchan!"

"Ndiyo, Mwalimu. Ulinifundisha kutumia kiwiko na kifundo cha mkono."

Damari aliondoka bila kuaga. Nyumbani alisimama katikati ya chumba akarusha mkono hewani. Bega likatangulia. Akarudia, likatangulia tena. Kuona kwamba yule binti alisema kweli kulimkera kuliko kufungwa kwenyewe.

Tangu siku hiyo, kila alfajiri alijifunga sehemu ya juu ya mkono kwenye mbavu kwa khanga ili bega lisitangulie, akapiga mpira ukutani hadi kengele ya shule. Mwalimu mwenzake, Raheli, alimuuliza kama ameumia. "Bado," alijibu.

Mwezi wa nne, Ignas, katibu wa michezo, aliitisha mashindano ya kuchagua wanawake wawili wa kwenda kushindana Dodoma. Damari alimshinda mtu wa kwanza, akamshinda wa pili. Nafasi ya kwanza ilikwishachukuliwa na mwingine; ya mwisho ikabaki kati yake na Kanchan. Kila mmoja akachukua seti moja. Katika ya tatu walifika kumi na tisa kwa kumi na tisa, na Kanchan akarudisha mpira wa juu, laini, ambao Damari angeumaliza kwa pigo moja. Damari aliuona ukielea. Bega likapanda. Mpira ukagonga ukuta wa nyuma. Uliofuata aliupiga ukanasa kwenye wavu, na nafasi ikawa ya Kanchan.

"Umecheza vizuri sana, Mwalimu," Ignas alisema akiandika. "Wewe utakuwa wa akiba."

"Wa akiba anasafiri?"

"Nafasi kwenye gari ni mbili tu."

Alhamisi gari likaondoka. Damari alikuwa darasa la nne, akifundisha kugawanya, na chaki ilimkatikia mkononi mara mbili. Saa kumi alikwenda ukumbini peke yake, akaisukuma meza hadi ikagusa ukuta, akaanza kupiga mpira ukutani.