Sauti Tisa za Juu za Floribert Mwaba

Saa kumi na mbili na robo asubuhi ndiyo saa pekee ya ukimya huku Katuba, mjini Lubumbashi. Vipaza sauti vya makanisa bado vimelala. Mashine ya jirani ya kusaga mahindi itaanza kunguruma saa moja kamili, na ikishaanza, basi, habari ya kusikiliza kitu imekwisha mpaka jioni.

Floribert Mwaba anaijua saa hiyo. Amekaa mbele ya meza ya mbao, sweta limefungwa hadi shingoni, maana baridi ya Juni hapa haina huruma. Mbele yake kuna boksi lenye vifundo kumi na viwili vya kuzungusha, matundu mengi, na nyaya za rangi zinazoning'inia ovyo. Ameweka kiganja juu ya boksi na kufumba macho.

"Inaimba?" anauliza.

"Inaimba," anajibu mkewe, Syntiche Mapalo, aliyesimama kando yake na karatasi mkononi.

Floribert hasikii kitu.

Ana umri wa miaka hamsini na mbili. Kazi inayomlisha ni kutengeneza vinanda vya umeme vya makanisa: vibao vilivyokwama, spika zilizopasuka, vinanda vilivyomwagiwa soda siku ya harusi. Mwezi ukiwa mzuri hupata kama dola mia mbili. Mwezi ukiwa mbaya, nyumba huishi kwa cherehani ya Syntiche, na mwenyewe hulisema hilo bila kuona haya.

Lakini kazi inayomfanya aote ndoto akiwa macho haimlipi hata faranga moja.

Boksi lile ni sintetiza ya vipande. Haina vibao vya kupigia kama kinanda. Kila kipande hutoa sauti au huigeuza, na mpigaji huviunganisha kwa nyaya apendavyo. Ndani ya kila kipande hukaa programu ndogo inayokiambia kiimbe namna gani. Programu ya boksi la Floribert ni huria: yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuisoma, kuirekebisha na kuwapa wengine. Watu wapatao sitini, waliotawanyika duniani, huitunza kwa kujitolea na kuandikiana mtandaoni.

Boksi lilimfikia miaka sita iliyopita. Mwanamuziki mgeni aliyekuja kwa tamasha aliliunguza kwa kulichomeka vibaya, akamwachia Floribert kama mtu anayeacha kiatu kilichotoboka. Floribert akalihangaikia wiki tatu mpaka likafufuka. Kisha akafungua maelezo yake mtandaoni.

"Nikasoma, nikasoma," anasema. "Banaandika asema: zungusha ile bouton sawa unapenda. Lakini miye ninapenda nini? Sijue! Ile maandiko ilikuwa ya bantu benye banajua zamani. Mwenye hajue, banamuacha inje."

Kwa ajili ya huyo asiyejua, akaanza kuandika maelezo yake mwenyewe, kwa Kiswahili. Programu ina sauti arobaini, na kila moja aliipangia ukurasa wake: waya uingie tundu gani, kifundo kielekee wapi. Mwishoni mwa kila ukurasa aliongeza jambo ambalo hakuna mwingine katika jumuiya aliyelifikiria, aya fupi ya kumweleza msomaji atasikia nini. Ya sauti ya tatu inasema: "Utasikia lori limesimama mbali, dereva amelala, injini inawaka."

Baadhi ya wenzake walicheka. Sauti inasikilizwa, walisema, haisomwi. Agnès, mratibu wa jumuiya hiyo anayeishi Ufaransa, anakiri kwa ujumbe kwamba naye alidhani ni mapambo tu. "Sasa nalazimika kuwajibu watu wanaotaka kurasa za Floribert zitafsiriwe kwa lugha zao," anaandika. "Wanasema ndizo zinazowaambia kama wamefika."

Floribert ndiye pia aliyewauliza kwa nini programu husahau kila kitu umeme ukikatika. Walishangaa: umeme ukatike katikati ya wimbo? Floribert alicheka hadi akapaliwa. Akaandika marekebisho, wakayapitia, na toleo lililofuata likaanza kukumbuka. Hakuna aliyelijaribu mara nyingi kuliko yeye. "Sichomoe waya," anasema juu ya umeme wa Katuba. "Courant inajiendeaka yenyewe."

Kosa lake alilifanya mwanzoni kabisa, na alilifanya kwa mapenzi. Alianza na sauti za chini.

"Miye niko muntu wa bass," anasema. "Zile za juu nikasema zitangoja."

Kabla ya vinanda, Floribert alifanya kazi miaka kumi na minne penye mashine za kusagia mawe za mgodi mmoja, mingi kati ya hiyo akiwa na pamba tu masikioni. Hakuna aliyemwambia kwamba masikio yaliyochoshwa na kelele huanza kupoteza sauti za juu, na huzidi kuzipoteza mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo alikwenda taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, akiota na kuandika, mpaka akamaliza thelathini na moja. Zilizobaki zilikuwa tisa, zote nyembamba, zote za juu. Akawasha ya kwanza. Kimya.

Alilifungua boksi mara mbili. Akabadilisha bodi nzima. Akasaga meno.

"Boksi ilikuwa muzima," anasema, akigusa sikio lililoharibika. "Njo miye nilikuwa en panne."

Hakumwambia mtu. Ukurasa wa thelathini na mbili aliuandika kwa kukumbuka, au tuseme ukweli, kwa kubuni. Wiki mbili baadaye, Gauthier Kalaba, fundi wa redio wa Mokambo, mpakani na Zambia, ambaye hujifunza kwa kurasa hizo, aliandika mbele ya jumuiya yote. Amefuata kila hatua mara tano. Ukurasa unamwahidi filimbi laini. Yeye anasikia kitu kingine. Je, anakosea wapi?

Maneno hayo yalimchoma Floribert. Alikuwa ameanza kazi hii ili asiyejua asiachwe nje, na sasa ni yeye aliyemfungia mtu mlango.

"Yule baba alizani makosa iko yake," anasema, na sauti yake inashuka. "Mara tano! Nilisikia haya mpaka bukari ikanishinda."

Sahani ya ugali iliyorudi jikoni imejaa ndiyo iliyomfichua mbele ya Syntiche. Mkewe akampeleka hospitali. Sikio la kulia limebakiza kidogo sana, la kushoto linashika sauti za chini tu. Kifaa cha kusikilizia cha bei nafuu alichotajiwa ni dola mia saba, na hata hicho, daktari alimwambia, hakitamrudishia zile za juu kabisa.

Cha ajabu, anasema, usingizini hajapungukiwa na kitu. "Mu ndoto minasikia yote. Zote makumi ine. Zinaimba pamoja, muzuri kabisa. Alafu ninalamuka."

Jana jioni aliwaandikia wenzake ukweli wote na kuomba mwingine azichukue kurasa tisa zilizobaki. Kabla hawajamjibu, Syntiche alikuwa amekwisha kusogeza kiti chake. Ameshona kwa miaka ishirini, na husikia sindano ikianza kuwa butu kabla uzi haujakatika. Boksi lenyewe alikuwa hajawahi kuligusa ila kwa kulifuta vumbi.

"Nilimuambia: wee andika, miye nisome," anasema Syntiche. "Kama ninasoma na ninafika, karatasi iko muzuri. Kama sifike, makosa iko ya karatasi, unaandika tena."

Ndiyo maana asubuhi hii yeye ndiye aliyechomeka nyaya za sauti ya thelathini na mbili, hatua kwa hatua, huku mumewe akizuiliwa hata kunyoosha kidole.

"Iko namna gani?" anauliza Floribert.

Syntiche anainamisha kichwa.

"Haiko filimbi," anasema hatimaye. "Iko sawa mukasi. Kitenge mupya, yenye ingali ngumu na amidon, unapasula na mukasi moya kwa moya, bila kusimama. Njo ile."

"Inapanda ao inashuka?"

"Inapanda. Alafu ku mwisho inatetemeka kidogo, sawa fundi mwenye anaogopa kuharibisha nguo ya bibi arusi."

Floribert anacheka, kisha anaandika. Anafuta. Anaandika tena.

"Usitie 'laini'," Syntiche anamwonya akichungulia begani kwake. "Haiko laini."

Saa moja kasoro dakika kumi ukurasa mpya unaondoka kwenda Mokambo. Wanasubiri, chai inapoa. Jibu la Gauthier linapokuja ni fupi: "Njo ii! Mukasi kabisa. Ninafika, Papa Flori."

Floribert anausoma ujumbe huo mara tatu. Anavua miwani na kuifuta, ingawa haina vumbi.

Zimebaki sauti nane. Anataka zikamilike kabla ya mwaka kwisha, kisha kurasa zote arobaini zichapishwe na kufungwa kitabu, ili mafundi wasio na mtandao wazisome mezani kwao. Jina la Syntiche litatangulia lake kwenye jalada. Wamebishana juu ya hilo na mke ameshindwa. Toleo jipya la programu linakuja na sauti ishirini zaidi, na hizo nazo Floribert hataki kuzikosa.

Lakini hayo ni ya kesho. Kwa sasa anageuza kiti.

"Sema tena," anamwomba mkewe.

"Nini? Si umeisha andika?"

"Haiko juu ya kuandika. Sema tu. Na miye nisikie."

Syntiche anaweka karatasi chini. Anahamia upande wa kushoto, karibu na sikio linalosikia bado, na kuanza upya, polepole, tangu mkasi unapogusa ukingo wa kitambaa.