Mawe ya Redio ya Susu

Betri kuukuu ikiota jua hutoa harufu ya kutu iliyochanganyika na majivu yaliyomwagiwa maji. Kwangu hiyo ndiyo harufu ya likizo ya Agosti nyumbani kwa susu, mama mzazi wa mama yangu, karibu na Kanyangi, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Mbaazi zilianikwa uani juu ya turubai, na pembeni yake susu alipanga mawe ya redio. Ndivyo tulivyoziita betri zile nene za mviringo. Aliamini jua huzirudishia nguvu, na zikishapata joto alizing'ata kidogo ubavuni, kwa hiyo kila jiwe la nyumba ile lilikuwa na alama za meno yake. Redio yake ilikula mawe mawili. Yakizima, alinunua jipya moja tu na kulilaza kando ya kuukuu lililoota jua vizuri. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akafunga kifuniko. Hakuna aliyembishia, maana kijiji kizima kilifanya hivyo.

Mimi nilikuwa mtoto wa aibu. Wageni wakiingia uani nilikimbilia jikoni, nikakaa na moshi. Lakini nilikuwa na kibalbu cha tochi iliyovunjika na nyaya mbili, na mchana, watu wakiwa shambani, nilipima mawe moja baada ya jingine. Hapo niliona jambo. Mjomba Muthama, kaka ya mama, alikuwa ametia mapya mawili kwenye tochi yake, nayo yalidumu. La susu, lililolazwa na kuukuu, lilififia upesi. Mwenyeji hakupona hata kidogo, alimmaliza mgeni. Nililijua hilo wiki mbili nzima na sikumwambia mtu. Nani angemfundisha susu mambo ya redio yake mwenyewe?

Wakati huohuo watu wa redio ya Kikamba walikuwa wamekuja kanisani wakarekodi kwaya ya akina mama. Susu ndiye aliyeanzisha wimbo. Walisema utachezwa Jumamosi saa kumi jioni, mara moja tu. Susu hakuwa amewahi kusikia sauti yake mwenyewe ikitoka mahali pengine. "Wengine husema naimba kama malaika, wengine husema kama mbuzi aliyefungwa," alituambia. "Jumamosi nitaamua mwenyewe." Wiki hiyo alipika, akafagia na kuchuma mbaazi akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake.

Jumamosi ilipofika, kwaya nzima iliketi uani. Mtangazaji alisalimu, akataja kanisa letu, akasema wimbo wetu utakuwa wa tatu. Akina mama wakapiga vigelegele. Wimbo wa kwanza haukufika katikati. Redio ilikohoa, ikanyamaza. Susu aliipiga kofi. Aliyatoa mawe, akayang'ata, akayabadilisha nafasi. Kimya. "Ipige tena, labda imelala," alisema Mama Mwikali, jirani mwenye sauti kubwa. Duka lilikuwa mwendo wa saa nzima, na tochi ya mjomba ilikuwa imeazimwa tangu jana yake. Susu aliiweka redio magotini, akaanza kukunja leso yake polepole. Nikiwa mlangoni mwa jikoni niliona mikono ile, nikajua kimya changu ndicho kilichotufikisha hapo.

Nilitoka. "Mjomba, nipe betri ya simu yako."

"Heh!" Mama Mwikali alishangaa. "Kumbe huyu huongea?"

"Hii ni bapa, hiyo inataka jiwe," mjomba alisema, akificha simu yake ndogo, isiyokuwa hata na redio. "Utaniharibia. Na nikipigiwa?"

"Muthama, ni nani hukupigia wewe?" Susu hakuinua hata kichwa. "Toa."

Akina mama walicheka, naye akatoa. Betri ya simu ina alama ndogo za kujumlisha na kutoa pale inapogusana na simu. Niliigusisha nyaya zangu mbili, nikaifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kisha nikashikiza ncha nyingine ndani ya redio. Kimya. Nilihisi macho yote mgongoni, miguu yangu ikataka jikoni. Halafu nikakumbuka kwamba upande wa springi ndio huguswa na kitako cha jiwe, upande wa kutoa. Nilikuwa nimegeuza. Nilibadilisha nyaya, na redio ikalipuka kwa sauti mpaka kuku wakatawanyika. Wimbo wa pili ulikuwa unaishia.

Kisha susu akaimba, na wote tukamsikia, yeye mwenyewe akiwa ameketi mbele yetu amefumba mdomo. Wimbo ulipokwisha aliikunjua leso yake, akasema, "Si mbuzi." Uani kulizuka vigelegele ambavyo nadhani vilisikika hadi sokoni, na Mama Mwikali akaninyanyua juu kama gunia la mbaazi.

Wageni walipoondoka nilimwambia ukweli kuhusu mawe. Alinitazama. "Ulijua tangu lini?"

"Wiki mbili, susu."

"Basi siku nyingine ukijua kitu, kiseme. Hata kwa sauti ya panya, wewe sema."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mshindo wangu ulikaribia kuchelewa. Niliishia darasa la nane, na hata barua naandika polepole, lakini leo nina meza yangu ya ufundi wa simu sokoni Matiliku. Betri zimekuwa nyembamba kama biskuti, zimegundishwa ndani ya simu, na wimbo ukikupita unaucheza tena mara mia. Siku zile sauti ilipita mara moja, na yeyote aliyejua jambo alitakiwa kulisema kabla haijapita. Mazoea hayo sijayaacha. Mteja akiniletea betri iliyovimba, hata awe mkubwa kiasi gani, humwambia palepale: "Mzee, hii usiichaji tena, itakuunguzia nyumba." Nasema mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika hadi kibanda cha tatu, na wazee wenye mvi huvuta kiti wakaniuliza kwa nini.