Mstari Mwekundu Ukutani

Masika yakifika, watu wa plot ya mama hawaangalii mawingu, wanaangalia ukuta wa choo. Plot hiyo, safu ya vyumba vya kupanga, iko chini kabisa ya mtaa wa Lucky Summer, kando ya mto. Ukutani tulichora mistari miwili ya rangi ya mafuta: mweupe ukizama, pandisha godoro, mwekundu ukizama, toka. Mlango wa mama haukuuona ukuta huo, kwa hiyo kazi ya kutazama ilikuwa yangu, kutoka roshani yangu ghorofa ya tatu, juu ya mteremko. Kulala kwangu alikataa katakata. Angemwachia nani cherehani yake?

Asubuhi hiyo niliamka nikakuta mwekundu umezama. Nikapiga simu mara nne, mtandao hakuna. Kule chini vijana walikuwa wameng'oa mlango wakaufunga juu ya mitungi ya plastiki uelee, wanavusha watu, wakimpigia kelele mama mmoja jirani: "Shikilia hapo, mathe! Usiachilie!"

Kisha ikaja mashua ya waokoaji, ya injini, ikipita mbio kando ya choo. Mstari mwekundu ukatokeza. Hapo hapo nikapiga tena, simu ikaingia.

"Mama, yanashuka!"

"Una hakika?"

"Si nauona mstari kwa macho yangu!" Mimi sipendi kuulizwa mara mbili.

Mashua ikasimama mlangoni pa mama. Nikamwona akitikisa kichwa, akiwaonyesha nyumba ya jirani mwenye watoto watatu. Wakawapakia hao, wakaondoka. Maji yaliyosukumwa na mashua yakarudi, mstari ukazama tena, sasa zaidi. Hayakuwa yanashuka hata kidogo.

Nilipiga simu, haikuingia. Nikapiga mayowe hadi sauti ikakauka, na mto ulivyonguruma nani angenisikia? Maji yakafika dirishani kwake. Nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Vijana wa mitungi ndio waliomtoa, maji yakiwa kifuani. Niliteremka ngazi mbio nikamkuta amefunikwa leso ya mtu, meno yanagongana, majirani wamemzunguka. Nilikuwa nimeshafungua kinywa niungame.

Akanishika mkono. "Huyu ndiye aliyeniambia maji yanashuka," akawaambia. "La sivyo, ningeingia mimi kwenye mashua, na wale watoto wangebaki. Mungu alimtumia."

Mama wa wale watoto akanikumbatia, analia. Watu wakanipa mikono.

Nikasema asante.