Pasi ya Kweli

Miaka ile ya hamsini, pale Mbeya, watu wa mtaani kwetu hawakununua pasi ya kwenda Rodesia bila kuileta kwangu kwanza. Nilikuwa mshona nguo, mjane wa tarishi wa bomani. Marehemu aliniachia cherehani moja na jicho la kutambua mihuri. Matapeli wa wakati huo walichonga mihuri kwa viazi mviringo vya Uporoto: kiazi kinakatwa katikati, taji la Malkia linachongwa kwa ncha ya kisu, kinachovywa wino wa zambarau. Lakini kiazi kina maji, na taji lake huvimba kingo. Nilikuwa naipeleka karatasi dirishani, naitazama, kisha namwambia mwenyewe, "Hiki kiazi. Karudishe wakupikie." Watu wakacheka, nami nikajiona mjuzi kuliko makarani.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa mjinga. Mjinga angepona.

Mdogo wangu wa kiume alikuja kutoka Ipogolo, Iringa, mwanzoni mwa kiangazi. Mama yetu hakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Mdogo wangu alitaka kwenda Kitwe, kwenye migodi ya shaba ya Rodesia, apate baiskeli na ng'ombe wa mahari, basi. Kuingia huko hakukuwa mchezo. Ilitakiwa barua ya jumbe, risiti ya kodi, daktari akusikilize kifua, halafu ukae kungoja jibu la Bwana Shauri, Mzungu wa bomani, mpaka viatu viote kutu. Ukienda Tunduma mikono mitupu, askari wa mpakani wanakurudisha au wanakulaza ndani. Mdogo wangu alingoja miezi mitatu. Mwezi wa nne akaanza kunitajia mtu mmoja mwenye nyumba ya wageni karibu na kituo cha malori.

Nilikwenda naye ili kumlinda. Yule bwana alikuwa mtu nadhifu, mwimbaji wa kwaya, mpole wa maneno. Akatoa pasi mbili. Ya kwanza niliitupia jicho tu: kiazi. Nikamrudishia na yale maneno yangu ya kupikiwa, mdogo wangu akanitazama kwa fahari. Ya pili nilikaa nayo muda mrefu. Muhuri ulikuwa safi, kila pembe ya taji inaonekana, na sahihi ya Bwana Shauri niliijua kama mwandiko wangu. Ilikuwa na mikunjo ya kukaa mfukoni mwa mtu. Pasi zile hazikuwa na picha. Jina lilikuwa la kijana wa Idodi, Mhehe kama sisi, umri karibu sawa na wa mdogo wangu. Nikauliza mwenyewe yuko wapi. Yule bwana akasema amerudi kulima, hana safari tena. Nikaridhika. Nilikuwa natafuta kiazi, sikuwa natafuta mtu.

Wiki nzima nilimfundisha jina lile jikoni kwangu. Nasonga ugali huku namhoji kwa sauti ya askari: jina lako nani, baba yako nani, jumbe wenu nani. Akiponyokwa na jina lake mwenyewe, nampiga mwiko wa kiganja. Siku ya saba nilimwita ghafla kwa jina alilopewa na mama, akiwa amenipa mgongo. Hakugeuka. Nilifurahi sana siku hiyo.

Nikamshonea koti la kitambaa cha blanketi. Mikono yake niliirefusha, maana mdogo wangu alikuwa na mikono mirefu kuliko mtu yeyote wa kwetu. Akavuka Tunduma bila kuulizwa mara mbili.

Barua zake zikaja, nami nikamjibu, juu ya bahasha nikiandika jina la yule mtu wa Idodi, nyuma yake jina langu na kazi yangu. Mara ya kwanza kalamu ilisita. Baadaye haikusita.

Mwaka wa pili, asubuhi moja ya masika, mama mmoja mfupi alisimama mlangoni pangu, jogoo kwapani na kifurushi cha karanga kichwani.

"Kamwene, mkwe wangu," akanisalimu kwa Kihehe, na machozi yakamtoka.

Alikuwa ametoka Idodi. Kijana wa kijijini kwao aliyerudi kutoka Kitwe alimweleza kwamba alisikia jina la mwanawe likiitwa mgodini, pamoja na la baba yake na la kijiji. Hakumwona kwa macho katika umati ule, ila karani wa barua alimwambia kwamba mtu huyo huandikiwa na mwanamke wa Mbeya, mshona nguo. Kwa miaka minne yule mama hakuwa amesikia neno la mwanawe. Sasa amekuja kumwona mke aliyeolewa wazazi wasijue. Hakuwa na kinyongo chochote. Alinishika mashavu kwa mikono miwili.

Nikamkalisha, nikamwambia naenda kununua sukari, nikakimbilia kwa yule mwenye nyumba ya wageni. Hakuficha kitu. Kijana alirudi kutoka migodini kifua kimekwisha, akaugulia chumba cha nyuma, akafa kabla hajapata lori la Iringa. Watu wa mji walimzika makaburini chini ya mlima, upande wa wasio na wenyewe. Yeye hakwenda kuzika. Alibaki na mfuko wa marehemu.

"Aliyekufa hana safari, dada," aliniambia. "Ulitaka ya kweli, nikakupa ya kweli."

Nikarudi na sukari. Kama ningemwambia yule mama, angelia, kilio kingefika kwa jumbe wake, kwa jumbe kingefika bomani, na mdogo wangu angetolewa mgodini na pingu. Niliyapima hayo nimesimama kizingitini, nikamchagua mdogo wangu. Nadhani hata leo ningemchagua, na hilo linanitisha kuliko mengine yote.

Siku tatu aliniita mkwe, nami nikamwita mama. Tulimla jogoo wake. Siku ya mwisho tulikuwa tunachambua mchele, akauliza bila kuinua macho:

"Bado anakohoa? Yeye kifua chake kibovu toka mdogo."

"Alipona, mama."

Akaweka ungo chini, akamshukuru Mungu. Nikamsindikiza kwenye basi. Kuanzia juma lile nikawa namsikia mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta, mchana kweupe, na chumba kile hakikuwa na mpangaji. Nikisimamisha cherehani nisikilize, kimya. Nikikanyaga tena, anakohoa. Nilimwambia mchungaji, akanipa sala ya kusoma. Niliisoma huku nikisikiliza.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Idodi na kurudi. Barua za mdogo wangu zilikoma mwishoni mwa mwaka. Nikaandika mara tatu, sikujibiwa. Kisha yule mama akasimama tena mlangoni pangu, kichwa kimenyolewa, sanduku la bati mkononi. Hakusema kamwene. Habari ilikuwa imepelekwa kwa jumbe wake, kama pasi ilivyoelekeza: mwamba umeanguka mgodini, fulani wa Idodi amekufa, amezikwa huko huko, na vitu vyake ni hivi. Msiba ulikuwa umekwisha kuliliwa Idodi, watu wamekula na kutawanyika.

Alifungua sanduku, akalitoa lile koti, akalivaa mbele yangu. Mikono ya koti ilimfunika vidole, ikabaki inaning'inia.

"Mwanangu aliondoka amevaa sweta yangu mimi, ikamtosha," akasema. "Koti hii ya mtu mwingine. Mzigo hii ni ya kwenu. Wangu yuko wapi?"

Nilikaa chini nikamlilia mdogo wangu. Alingoja mpaka nilipomaliza, hakunigusa. Nikamweleza yote, tangu viazi mpaka sukari. Aliomba jambo moja tu, nimwonyeshe kaburi.

Upande ule wa makaburi ulikuwa na matuta mengi, mengine yamezama na kuota nyasi, hapana msalaba wala jiwe. Mtu wa kuuliza hakuwepo. Yule mama alisimama ananitazama. Alikuwa amesafiri siku mbili kuniletea sanduku la mtoto wetu. Sikuweza kumwambia kwamba sijui.

Nikanyoosha kidole.

Alilala kifudifudi juu ya tuta lile, akimwita mwanawe kwa jina nililomfundisha mdogo wangu kwa mwiko. Alipoinuka alichota udongo kiganja kimoja, akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Asante, mwanangu," akasema. "Sasa twende kwa mama yako. Habari hii huiwezi peke yako."

Tukashuka naye mpaka Ipogolo, na ni yeye aliyemwambia mama yangu, amemshika mikono. Kesho yake akaendelea na safari ya Idodi na udongo wake, akauzika kando ya kaburi la mumewe. Miaka yote aliyoishi baada ya hapo alinitumia karanga kila baada ya mavuno, na salamu kwamba kaburi la mwanawe amelifagia.